Udongo wa kiwanda usafishwe hadi wapi? Hesabu za kufanyia kazi Lubumbashi

Kuna sentensi inayojirudia katika ripoti nyingi za mazingira: "Udongo na maji ya ardhini yatasafishwa hadi kufikia viwango vya kimataifa." Inasomeka vizuri, inapita mezani bila swali, na haimfungi mtu yeyote. Chukua shaba peke yake. Kanada inaweka miligramu 63 kwa kilo ya udongo wa makazi. Uholanzi huanza kudai hatua udongo ukifika 190. Hesabu za Marekani kwa viwanja vya nyumba zinafika 3,100. Zote tatu ni za kimataifa, na kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya karibu mara 50. Kampuni iliyotia sahihi chini ya sentensi ile imeahidi ipi?

Hakuna nchi iliyokosea kati ya hizo. Kanada na Uholanzi zilitazama mizizi, minyoo na vijidudu vya udongo. Marekani iliuliza mtoto anaweza kumeza kiasi gani bila kudhurika. Shaba huua mmea na samaki mapema sana kabla ya kumdhuru binadamu, ndiyo maana majibu yanaachana hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua namba, andika kwanza unamlinda nani, wapi, na dhidi ya nini. Kazi nyingi zinazoharibika huku kwetu zinaharibikia hapo, mapema kabisa, kabla hata ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa.

Lubumbashi, mji wa shaba wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, inahitaji uangalifu huo kuliko miji mingi. Tanuru la kuyeyushia shaba lilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Upepo unaotawala hapa unatoka kusini-mashariki, basi kwa miongo mingi moshi wa cheminée, yaani bomba refu la moshi la tanuru, ulielekea kaskazini-magharibi na kuacha shaba, zinki, risasi, kadimi, arseniki na kobalti juu ya udongo wa upande huo, eneo la Penga Penga likiwemo. Karibu na tanuru kuna terri, kilima cheusi cha skoria (taka ngumu za kuyeyushia shaba) ambacho kila mgeni hupiga picha. Ukiacha tanuru kuna viwanda vinavyoyeyusha madini kwa asidi ya salfuri, karakana za reli, depo za mafuta, gereji, mafundi wanaoyeyusha risasi ya betri, na sehemu za transfoma kuukuu. Kila aina ina kemikali zake na njia zake za kumfikia mtu. Jedwali moja haliwezi kuhudumia zote.

Hesabu ya mtoto uani

Lengo lolote husimama juu ya mambo matatu: chanzo, njia, na anayefikiwa. Mtoto humeza udongo kwa mikono yake. Mama huchota kisimani. Kibarua hupumua vumbi mtaroni. Lenga-lenga (mchicha) hufyonza kilichoko kwenye bustani ya bondeni. Mto hupokea kinachotiririka wakati wa mvua. Njia moja ikikatwa, namba yake hubadilika. Njia ikiwa haijawahi kuwepo, namba yake haina kazi.

Tufanye hesabu moja yote, kwa kobalti, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu zaidi na ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani halijaiwekea kiwango cha maji ya kunywa. Dozi ya kila siku inayotumiwa na wataalamu wa Marekani ni miligramu 0.0003 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 basi anaruhusiwa miligramu 0.0045 kwa siku. Inachukuliwa kwamba anameza miligramu 200 za udongo na vumbi kila siku. Gawanya 0.0045 kwa kilo 0.0002 za udongo, unapata miligramu 22.5 kwa kilo. Rekebisha kwa kuwa wanahesabu siku 350 kwa mwaka, inakuwa 23. Mfanyakazi wa kilo 80, anayemeza miligramu 100 kwa siku 250 za kazi, anapata 350. Maji ya kisima kwa mtoto yuleyule, akinywa lita 0.78 kwa siku, yanatoka mikrogramu 6 kwa lita.

Sasa zitazame namba hizo kwa macho ya mtu anayeishi Katuba au Kenya, komine (wilaya) za mji huu. Siku 350? Mtoto wa hapa yuko uani mwaka mzima. Miligramu 200? Uani wenyewe ni udongo mtupu, unafagiliwa kila asubuhi, na kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua ya kulaza vumbi. Mimi singekubali kushusha kiasi hicho kwa hoja yoyote. Halafu hesabu ile imempa udongo dozi nzima, kana kwamba mtoto hali bukari (ugali), hali mboga, hanywi maji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, uliochapishwa mwaka 2009, uliukuta mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga ukiwa na kobalti nyingi kupita kawaida. Dozi imeshajaa kutoka kwingine. Ukiupa udongo nusu tu, 23 inashuka hadi 12 hivi, na hapo unaanza kukaribia kile ambacho udongo wa kawaida unabeba wenyewe.

Upande wa pili una hoja yake pia, na ni hoja halali. Metali iliyofungwa ndani ya skoria yenye sura ya kioo haiyeyuki yote tumboni. Kipimo chake ni rahisi: gramu 1 ya udongo uliochekechwa chini ya mikroni 150, katika mililita 100 za mchanganyiko wa glaisini wenye pH 1.5 (pH ni kipimo cha uchachu, ikiwa ndogo uchachu ni mkali), kwenye joto la nyuzi 37, ukizungushwa saa moja. Kisha unapima kilichotoka. Kimethibitishwa kwa risasi na arseniki. Kwa kobalti kitumie kama ushahidi wa kusaidia, si wa kukata kesi. Na usikubali kipimo cha skoria ya terri kitumike kuhukumu vumbi la cheminée: lile vumbi ni chembe ndogo zilizotoka kama oksidi na salfeti, nazo huyeyuka upesi zaidi.

Risasi ina habari yake. Haina dozi inayojulikana kuwa salama kwa mtoto, hivyo hesabu ya hapo juu haifanyi kazi. Hutumika modeli inayokadiria risasi ya damuni. Marekani ilikaa na 400 kwa udongo wa makazi tangu 1994, ikashusha hadi 200 mwaka 2024. Ukiletewa ripoti inayotaja 400 kama lengo la uwanja wa nyumba, angalia tarehe ya jedwali walilonakili.

Kile ambacho ardhi ilikuwa nacho kabla ya kiwanda

Namba ya Marekani ya arseniki, ikikokotolewa kwa hatari ya saratani ya mtu mmoja katika milioni, ni miligramu 0.68 kwa kilo. Karibu udongo wote duniani una zaidi ya hapo bila kiwanda chochote. Hakuna anayeweza kusafisha ardhi kuliko ilivyoumbwa, kwa hiyo hesabu ikitoka chini ya kiwango cha asili, lengo huwa kiwango cha asili.

Katanga hoja hiyo ina ncha mbili. Tuna vilima vya shaba ambavyo udongo wake una maelfu ya miligramu kwa kilo tangu zamani, na mimea yake haioti kwingine. Kampuni ikipewa nafasi itachukua sampuli tano juu ya kilima kama hicho, iite "kiwango cha asili cha mkoa", na kuhitimisha kwamba haijachafua chochote. Mwanaharakati naye atachukua udongo wa msitu ulio mbali kwenye mwamba wa aina nyingine na kudai kila kitu kirudi hapo. Wote wawili wakataliwe kwa kanuni moja: sampuli za asili zitoke kwenye mwamba uleule, udongo wa rangi na umbile lilelile, kina kilekile, upande upepo unakotoka, yaani kusini-mashariki ya cheminée, mbali na barabara zilizowekwa skoria. Zisipungue 10, 20 ni bora. Vichuguu vikubwa vya mchwa viepukwe: mchwa hupandisha udongo wa chini wenye mfinyanzi mwingi na pH ya juu, na sampuli moja ya kichuguu inavuruga wastani wote.

Kuna njia ya kutenganisha asili na moshi bila mabishano marefu. Chimba shimo la mita 1 na upime kila sentimita 10. Metali ya moshi hulundikana juu, aghlabu kwenye sentimita 20 za kwanza, kisha hushuka ghafla. Metali ya mwamba hubaki vilevile au huongezeka unavyoshuka. Mashimo manne au matano ya namna hiyo yana faida kuliko sampuli hamsini za juu tu.

Bustani

Kwa anayelima lenga-lenga au matembele kando ya mto, lengo la kumeza udongo halitoshi. Mboga za majani hufyonza kadimi vizuri kuliko mahindi, na vumbi hung'ang'ania majani. Codex, kanuni za kimataifa za chakula, imeweka miligramu 0.2 za kadimi na 0.3 za risasi kwa kilo ya mboga mbichi ya majani. Lengo la bustani liandikwe pande zote mbili: udongo na jani. Jani lipimwe limeoshwa kama mama anavyoliosha nyumbani, na jingine bila kuoshwa. Tofauti yake inakuonyesha kama tatizo ni mizizi au vumbi. Kama ni vumbi, kubadilisha udongo wa bustani hakutasaidia kitu.

Maji ya ardhini

Hapa ndipo malengo huandikwa ovyo kuliko popote. Kosa la kwanza ni kuchukua kipimo cha maji machafu yanayoruhusiwa kutoka kiwandani, kile kilichomo kwenye viambatisho vya kanuni za madini, na kukifanya lengo la maji ya ardhini. Kile kipimo ni cha bomba linalomwaga mtoni, ambako kuna mchanganyiko na maji mengi. Kisima cha kuchimbwa kwa mikono, ambacho familia kadhaa hunywa, hakina mchanganyiko huo. Penye watu wanaokunywa, anza na viwango vya maji ya kunywa vya Shirika la Afya Duniani: arseniki mikrogramu 10 kwa lita, risasi 10, kadimi 3, nikeli 70, urani 30, shaba 2,000. Kwa kobalti tumia hesabu ya hapo juu. Salfeti haina kiwango cha afya, lakini ikipita miligramu 250 kwa lita ladha huanza kuharibika, na karibu na viwanda vya asidi salfeti ndiyo hutangulia metali zote: ukiiona inapanda kisimani, jua kinachofuata nyuma yake.

Kutoka kwenye maji unarudi kwenye udongo: udongo uwe na kiasi gani ili mvua ikipita isipeleke chini zaidi ya kiwango? Njia ya kawaida inazidisha kiwango cha maji kwa kigawanyo cha kuchanganyika, 20 kwa kawaida, kisha kwa uwezo wa udongo kushika metali. Uwezo huo unategemea pH kuliko kitu kingine. Kadimi kwenye udongo wa pH 6.8 ina uwezo wa lita 75 kwa kilo. Kwenye pH 4.9 unashuka hadi 15. Fanya hesabu: 0.003 mara 20 ni miligramu 0.06 kwa lita. Mara 75 ni 4.5 kwa kilo. Udongo uleule ukiwa umepigwa na moshi wa salfa au asidi iliyomwagika, 0.06 mara 15 ni 0.9. Lengo limeshuka mara tano na hakuna gramu ya kadimi iliyoongezeka. Kwa hiyo jedwali la udongo lisilo na safu ya pH halifai kutumika Lubumbashi. Inamaanisha pia kwamba kuongeza chokaa ni usafishaji kamili wa aina yake, mradi lengo linataja pH itakayotunzwa, na nani ataitunza.

Ile 20 nayo isichukuliwe kama zawadi. Inadhani maji yanapita taratibu kwenye mchanga na kuchanganyika. Penye dolomiti, mwamba wa jamii ya chokaa, yenye nyufa na mapango, kama sehemu kadhaa za ukanda huu, maji machafu husafiri kwenye ufa kama kwenye bomba na kutokea mbali yakiwa yaleyale. Hapo tumia 1. Ukiona kisima kinachobadilika rangi siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, una ushahidi wa ufa. Huhitaji modeli ya kompyuta.

Jambo la tatu ni mahali pa kupimia. "Maji ya eneo" si mahali. Lengo liseme: kwenye visima vya uchunguzi vilivyo mpakani upande wa chini wa mtiririko, na kwenye visima vya watu vilivyotajwa kwa namba. Na kiwango kifikiwe Machi na pia Septemba. Mwishoni mwa mvua maji yamepanda na kuosha udongo uliokuwa mkavu. Mwishoni mwa kiangazi yamepungua na chumvi zimekolea. Anayepima mara moja kwa mwaka huchagua mwezi unaompendeza.

Uchukuaji wa sampuli huharibu kesi nyingi kuliko maabara. Kisima cha uchunguzi cha kipenyo cha milimita 50 chenye maji ya kina cha mita 6 kina lita 12 hivi. Toa mara tatu yake, lita 36, au subiri hadi pH isibadilike zaidi ya 0.1 na upitishaji umeme zaidi ya asilimia 3. Sampuli ya metali iliyoyeyuka ichujwe palepale kwa kichujio cha mikroni 0.45, kisha itiwe asidi ya naitriki hadi pH chini ya 2. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, umeyeyusha tope la laterite (udongo mwekundu wenye chuma) ndani ya chupa, na maji yasiyo na hatia yatasomeka yamejaa metali. Ukiacha kutia asidi, chuma hutengeneza kutu ndani ya chupa na kuvuta arseniki na risasi pamoja nayo. Hapo maji machafu yatasomeka safi. Makosa hayo mawili yanakwenda pande tofauti, na maabara haiwezi kuyagundua.

Depo za mafuta

Kwa mafuta nitasema kifupi, kwani sheria zake hazitofautiani sana na kwingine. Kwenye petroli kinachotawala lengo ni benzeni: mikrogramu 10 kwa lita ya maji. Kwa udongo wa mchanga wenye mboji kidogo, hesabu ileile yenye 20 inatoa takriban miligramu 0.07 kwa kilo, namba ndogo ambayo pua hainusi. Anayesema "hakuna harufu, pamesafika" hajapima kitu. Tabaka la mafuta yanayoelea juu ya maji litolewe kwanza. Lengo lake ni unene, kwa kawaida usiozidi milimita 3 kisimani, na lipimwe maji yakiwa chini, kwa sababu yakipanda mafuta hujificha ndani ya udongo na kisima huonekana safi.

Mafuta yana faida moja ambayo metali haina: vijidudu huyala. Ndiyo maana kampuni hupenda kusema ardhi itajisafisha yenyewe. Inawezekana, lakini waombe tarehe. Benzeni ikiwa 400 na inapungua nusu kila miaka 2, kufika 10 kunahitaji nusu tano na kidogo, yaani miaka 10 na miezi kadhaa. Kama kuna kisima cha kunywa mita 80 mbele, miaka 10 ni mingi. Kama mbele kuna karakana tupu na watu wanatumia maji ya bomba ya Regideso, huenda ikakubalika.

Lengo linalotekelezeka

Hekta moja ikichimbwa nusu mita ni mita za ujazo 5,000, tani 8,000 hivi, safari 400 za lori la tani 20. Zinakwenda wapi? Mtu akileta lengo linalolazimisha uchimbaji huo bila kutaja shimo lenye kitandiko litakalopokea udongo, amehamisha tatizo kutoka komine moja hadi nyingine, na njiani amelitawanya.

Kwa eneo kubwa lililopakwa metali na moshi, njia ya busara mara nyingi ni kukata njia badala ya kuondoa chanzo. Penga Penga imeshatuonyesha mfano: watafiti walijaribu nyasi za asili pamoja na mboji na chokaa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Mojawapo ni Microchloa altera, nyasi ndogo inayovumilia shaba na kufunika ardhi pale mimea mingine iliposhindwa. Lengo la kazi ya namna hii si miligramu kwa kilo, kwa kuwa shaba inabaki palepale. Ni asilimia ya ardhi iliyofunikwa mwishoni mwa Oktoba, wakati mbaya kuliko wote, ni pH, ni shaba inayoyeyuka kwenye maji ya udongo, ni vumbi linalodondoka kwenye vibakuli vilivyowekwa mpakani. Tahadhari moja: chokaa inayotuliza shaba na kadimi huweza kuilegeza arseniki, na fosfeti hufanya hivyo zaidi. Penye arseniki nyingi, jaribu kwenye ndoo kabla ya kumwaga kwenye hekta.

Penye nyumba, nyasi hazitoshi, kuku na watoto watazimaliza. Hapo ni kuondoa sentimita 30, kutandika kitambaa cha rangi kali kitakachomwonya anayechimba, na kujaza udongo safi uliopimwa. Bustanini iwe sentimita 60, mizizi ya mhogo inashuka. Mteremko upewe mifereji kabla ya Novemba. Kifuniko kilichomalizwa Oktoba bila mifereji kitakuwa mtoni ifikapo Januari.

Kuthibitisha

Lengo liseme pia litahukumiwa kwa hesabu gani. Tuseme risasi, lengo 200. Sampuli 10 zina wastani wa 160 na mtawanyiko (écart-type) wa 70. Wengi wangeshangilia. Lakini kikomo cha juu cha wastani, kwa uhakika wa asilimia 95, ni 160 jumlisha 1.833 (namba ya jedwali la t kwa sampuli 10) mara 70 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10, kinachofika 200.6. Umeshindwa, kwa unyoya. Wastani uleule na mtawanyiko uleule kwa sampuli 20 unatoa 187, umefaulu. Mwenye kiwanda anayebana sampuli anajiumiza mwenyewe. Ni hoja nzuri ya kumpa anapolalamikia bili ya maabara. Wastani peke yake hauwezi kuachiwa, kwa sababu unaficha madoa. Ongeza sharti kwamba hakuna sampuli moja itakayozidi mara mbili ya lengo, na kwamba wastani ni wa parseli (kiwanja) moja moja. Ukichanganya parseli 30 katika wastani mmoja, mtoto wa parseli mbaya amepotea ndani ya hesabu.

Kile kipima-metali cha eksirei cha mkononi ni chombo kizuri cha kuchora ramani kwa haraka, na ni hatari mikononi mwa asiyejua mipaka yake. Mstari wa arseniki na wa risasi unakaa karibu mahali pamoja, hivyo penye risasi nyingi arseniki husomeka ovyo. Laterite yetu imejaa chuma, na mstari mmoja wa chuma unapakana na wa kobalti. Chombo kisichosawazishwa kwa udongo wa hapa kitaona kobalti isiyokuwepo. Udongo wenye unyevu zaidi ya asilimia 20 husomeka chini ya ukweli. Kausha, chekecha, na peleka maabara angalau sampuli moja kati ya kumi, zikiwemo zilizo karibu na lengo, maana huko ndiko uamuzi unakokaa.

Kwenye maji, usifunge pampu siku ya kwanza ambapo namba imeshuka. Pampu ikizimwa, metali au mafuta yaliyojificha kwenye mfinyanzi hutoka taratibu na namba hupanda tena. Sharti liwe misimu minne mfululizo chini ya lengo, miwili ya mvua na miwili ya kiangazi, pampu ikiwa imezimwa. Umeme ukikatika mara kwa mara wakati wa kazi, andika saa ambazo pampu ilikuwa kimya. Takwimu za siku hizo hazilingani na nyingine.

Kwa hiyo, badala ya ile sentensi ya viwango vya kimataifa, iandikwe hivi: "Risasi kwenye sentimita 30 za juu za kila parseli iliyotajwa kwenye ramani, katika udongo uliochekechwa chini ya mikroni 150, haitazidi miligramu 200 kwa kilo kwa kikomo cha juu cha wastani cha asilimia 95, wala 400 katika sampuli yoyote, kadimi kwenye visima vya mpakani vilivyotajwa haitazidi mikrogramu 3 kwa lita, Machi na Septemba, miaka miwili mfululizo baada ya pampu kuzimwa, pH ya udongo uliotiwa chokaa haitashuka chini ya 6.5, na itapimwa kila mwaka na mwenye kibali." Ni ndefu, na wakili wa kampuni hataipenda. Lakini sheria ya mazingira namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 imeweka kwamba mchafuzi ndiye alipaye, na ni sentensi ya namna hii inayomwezesha afisa wa Agence Congolaise de l'Environnement kumwonyesha anadaiwa nini.

Hubaki karatasi za mwisho. Popote palipoachwa metali chini ya kifuniko, ramani iende kwa mkuu wa mtaa, ofisi ya komine na kadasta (daftari la ardhi), ikiwa na koordineti za pembe zote, kina cha udongo safi, rangi ya kitambaa, na katazo la kuchimba kisima hapo. Parseli Lubumbashi huuzwa na kugawanywa haraka, na mnunuzi wa tatu hana habari na ripoti yoyote. Visima vya uchunguzi vilivyomaliza kazi vijazwe bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) na saruji kuanzia chini kwenda juu, kisha vikatwe nusu mita chini ya ardhi. Bomba tupu lililoachwa wazi hushusha maji ya juu moja kwa moja hadi kwenye maji ya kunywa, na kofia yake ya chuma haimalizi kiangazi kimoja kabla ya kuibwa.